Mmeachana, Mtoto Amepata Chuo: Jinsi ya Kugawana Gharama Hatua kwa Hatua

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maswali ni yale yale. "Baba yake anasema mtoto ameshavuka miaka 18, hawajibiki tena. Ni kweli?" "Watoto walipewa mama, mimi nalipaje tena?" "Bodi ya Mikopo si itamlipia?" Mwongozo huu ni kwa mzazi aliyeachana na mwenzake, yuko Mbeya, Songwe, Iringa au Njombe, na ana mtoto anayekwenda chuo au atakayekwenda miaka miwili mitatu ijayo. Kama ni wa miaka miwili ijayo, una bahati. Kazi kubwa hufanyika mapema.

Sheria kwa maneno machache

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba awatunze watoto wake kwa kadiri ya uwezo wake, wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine. Matunzo hayo ni malazi, mavazi, chakula na elimu. Mama huchukua wajibu huo pale baba amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawagusa wazazi wote, na inasema mtoto wa wazazi walioachana ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla hawajaachana.

Sasa soma hapa polepole, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Amri ya matunzo, yaani agizo la mahakama la mzazi kulipa, hufika kikomo mtoto anapotimiza miaka 18. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na miaka 7 humaliza kidato cha nne akiwa na 17 au 18, na kidato cha sita akiwa na 19 au 20. Maana yake amri inakufa akiwa bado kwenye dawati, na chuo kinaanza bila amri yoyote. Ila Sheria ya Mtoto hiyo hiyo inairuhusu mahakama kuendelea kuisimamia amri baada ya miaka 18 ikiwa mtoto anaendelea na masomo au mafunzo. Mzazi anaweza kuomba, na mtoto mwenyewe anaweza kuomba.

Zingatia neno "kuendelea". Kama hapajawahi kuwa na amri, hakuna cha kuendeleza, na kazi yako inakuwa ngumu mara mbili. Tangu 2022 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa katika shule za serikali, kwa hiyo wazazi wengi hukaa kimya miaka yote miwili, hakuna wa kumdai mwenzake, mpaka barua ya udahili inatua mezani. Hapo mtoto ana miaka 20.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili. Kikiwa na jina la mzazi mmoja tu, shughulikia kwanza hilo RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) au ofisi ya mkuu wa wilaya.
- Nakala ya hukumu ya talaka na amri ya matunzo, ikiwa ipo, zenye muhuri wa mahakama. Kama umepoteza, karani wa mahakama iliyotoa talaka atakupa nakala ukimtajia namba ya shauri na mwaka.
- Barua ya udahili na maelekezo ya kujiunga, yale yenye orodha ya ada na vifaa.
- Uthibitisho wa kipato chako na chochote unachokijua kuhusu kipato cha mwenzako: karatasi ya mshahara, leseni ya biashara, karatasi za malipo ya AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) kama ni kahawa ya Mbozi au kokoa ya Kyela, mkataba wa kuuza miti kama ni Mufindi au Njombe.
- Taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mmoja nyuma. Unaiomba kwa mtandao wako.
- Daftari moja la kurasa nyingi, liwe la kazi hii tu. Mali bila daftari huisha bila habari, na ada ni hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Hakikisha chuo ni cha kweli

Kabla ya kumwomba mwenzako shilingi, hakikisha chuo na kozi vinatambulika. Vyuo vikuu viko chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Tafuta jina la kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi moja ikawa haina ithibati. Mzazi anayetafuta sababu ya kutolipa akigundua kozi haitambuliki, mazungumzo yameisha, na safari hii atakuwa na haki.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwaka mzima

Kosa linaloongoza ni kumpigia mwenzako simu na kusema "ada ni milioni moja na laki tatu". Analipa nusu, anajiona amemaliza. Wewe unabaki na chumba, chakula, godoro, nauli na mafunzo kwa vitendo, na kila ukirudi kuomba unaonekana msumbufu. Andika kila kitu mara moja.

Huu ni mfano wa hesabu kwa mtoto anayekaa geto, yaani chumba cha kupanga nje ya chuo. Weka namba zako kutoka kwenye maelekezo ya kujiunga:

- Ada: 1,300,000
- Michango ya chuo, kitambulisho na bima ya afya: 120,000
- Chumba, 40,000 kwa miezi 10: 400,000
- Chakula, 5,000 kwa siku 280: 1,400,000
- Nauli za kwenda na kurudi likizo: 100,000
- Vitabu, kuchapa kazi na vifurushi vya intaneti: 180,000
- Mafunzo kwa vitendo: 200,000
- Mwaka wa kwanza tu, kompyuta mpakato iliyotumika: 500,000
- Mwaka wa kwanza tu, godoro, mablanketi mawili na vyombo: 200,000

Jumla ya mwaka wa kwanza ni 4,400,000. Mwaka wa pili ondoa kompyuta na godoro, inabaki 3,700,000. Mablanketi mawili hayako pale kwa anasa: mtoto anayetoka Kyela kwenda kusoma Uyole au Iringa atakutana na baridi ya Juni ambayo hajawahi kuiona.

Usisahau kozi zenye vifaa vyake. Afya ina koti jeupe na vifaa vya wodi, ufundi una buti na ovaroli, ualimu una mazoezi ya kufundisha.

Hatua ya 3: Omba mkopo kwanza, kisha gawaneni kilichobaki

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haimlipii kila mtu, na hata anayepata si lazima apate asilimia mia. Ombeni hata hivyo, kwa sababu kila shilingi ya bumu, yaani fedha ya mkopo, inawapunguzia ninyi wawili. Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka na maombi ni kwa mtandao. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, nao uhakiki una foleni, kwa hiyo uanze mtoto akiwa bado anasubiri matokeo. Fomu inahitaji taarifa za wazazi, mdhamini, sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji na ya kamishna wa viapo au hakimu.

Onyo, na tunalisema kwa uzito: usimwandike baba aliye hai kuwa marehemu, na usimwandike mtoto yatima kwa sababu baba hatoi matumizi. Cheti cha kifo nacho huhakikiwa RITA. Ukigundulika, mtoto ndiye anayepoteza mkopo na ndiye anayebeba kosa la kutoa taarifa za uongo. Jaza ukweli.

Katika mfano wetu, tuseme bumu limefunika chakula chote, 1,400,000. Kinachobaki ni 3,000,000.

Hatua ya 4: Gawaneni kwa kipato

Nusu kwa nusu inasikika kama haki, lakini mama anayeuza nguo sokoni Mwanjelwa na baba mwenye mshahara wa serikali hawabebi gunia moja kwa bega sawa. Mahakama yenyewe ikipima matunzo huangalia kipato na mali za wazazi wote, kama kuna aliyepungukiwa uwezo wa kufanya kazi, watoto wengine anaowatunza, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Tumieni kipimo hicho hicho mezani kwenu.

Baba akiwa na 900,000 mkononi kwa mwezi na mama 450,000 baada ya kutoa gharama za biashara, uwiano ni mbili kwa moja. Baba 2,000,000, mama 1,000,000.

Kisha geuzeni kiasi kiwe vitu. Hapa ndipo makubaliano mengi hupona au hufa. "Atachangia milioni mbili kwa mwaka" ni ahadi inayokosa siku na mahali. Vitu vina jina, bei na tarehe:

- Baba: ada 1,300,000, kompyuta 500,000, mafunzo kwa vitendo 200,000.
- Mama: chumba 400,000, godoro, mablanketi na vyombo 200,000, vitabu na vifurushi 180,000, michango na bima 120,000, nauli 100,000.

Kila mmoja anajua mzigo wake, na asipoubeba inaonekana mara moja ni nani.

Hatua ya 5: Pangeni tarehe kwa kufuata mavuno

Mshahara huja kila mwezi. Fedha ya Nyanda za Juu Kusini, kwa wengi wetu, huja na msimu. Mpunga wa Usangu na Kyela huuzwa baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, kahawa ya Mbozi nayo huchumwa kipindi hicho hicho na malipo hufuata mnada. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Ukimwambia mkulima alipe Novemba, utamkuta ameshanunua mbolea na mbegu, mfukoni hamna kitu, na hakudanganyi.

Kwa mzazi mkulima, andikeni tarehe ya malipo iwe ndani ya siku 14 baada ya kuuza, na fedha iwekwe kwenye akaunti ya mtoto ya benki au ilipwe chuoni moja kwa moja mara namba ya malipo itakapotoka. Kwa mwenye mshahara, kata kila mwezi: 2,000,000 gawa kwa 12 ni kama 167,000. Anayeanza kuweka Januari hahangaiki Oktoba.

Hatua ya 6: Mwambie mwenzako kwa maandishi

Simu ya usiku yenye hasira haiachi ushahidi wala haileti ada. Tuma ujumbe mfupi wenye namba, usio na historia ya ndoa ndani yake. Kwa mfano:

"Baba Neema, habari za huko Vwawa. Neema amepata chuo, kozi ya miaka 3. Nimekutumia barua ya udahili na hesabu ya mwaka mzima. Bila mkopo ni 4,400,000. Naomba tukutane Jumamosi kwa baba mdogo tupange nani atalipa nini. Kama siku hiyo haikufai, taja nyingine kabla ya tarehe 20."

Mna mtoto wa pamoja, mtu wa kati mtampata: baba mdogo, shangazi, mchungaji, shehe, yeyote ambaye pande zote mbili zinamwamkia kwa heshima. Mtoto asiwe tarishi. Kijana wa miaka 19 anayetumwa "kamwambie baba yako atoe ada" anajifunza kwamba yeye ni deni.

Hatua ya 7: Andikeni makubaliano na muyapeleke mahakamani

Ukurasa mmoja unatosha. Uwe na majina kamili ya wazazi na mtoto, chuo, kozi na miaka yake, nani analipa nini, tarehe, na mambo manne ambayo watu husahau: ada ikipanda mtafanyaje, mkopo ukija au ukikatika, mtoto akirudia mwaka, na mzazi mmoja akipoteza kazi. Kifungu kinaweza kusomeka hivi:

"Mkopo ukiongezeka au ukipungua, kiasi kinachobaki kitagawanywa kwa uwiano ule ule wa mbili kwa moja. Mtoto akirudia mwaka, wazazi watalipa mwaka mmoja wa ziada tu, kwa uwiano huo huo."

Saini mbele ya mashahidi wawili, kila upande wake, na mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Halafu msiishie hapo. Karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi mzuri, ila haimkamati mtu. Pelekeni mahakama iliyotoa talaka, ombeni iyaingize makubaliano kuwa amri. Amri ikivunjwa unaomba utekelezaji. Makubaliano matupu yakivunjwa unaanza kesi upya.

Hatua ya 8: Akikataa, fuata njia hii

Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Atamwita mwenzako, atajaribu kuwapatanisha, na mkishindwana taarifa yake itaisaidia mahakama kujua hali ya kila mzazi. Nenda na hesabu ya Hatua ya 2, usiende na malalamiko matupu.

Kisha mahakama. Amri ikiwepo, rudi pale pale ilipotolewa uombe mambo mawili katika ombi moja: iendelee baada ya miaka 18 kwa sababu mtoto yuko masomoni, na kiasi kibadilishwe kiendane na gharama za chuo. Isipokuwepo na mtoto hajafika miaka 18, omba amri ya matunzo sasa hivi chini ya Sheria ya Mtoto. Mbeya mjini ipo Mahakama ya Watoto. Kwingine kuna mahakama za mwanzo zilizoteuliwa kukaa kama mahakama za watoto, karani atakuelekeza. Mwenzako akiwa mwajiriwa, omba fedha ikatwe kwenye mshahara.

Huna fedha ya wakili? Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure. Waulize ustawi wa jamii au ofisi ya mtendaji wa kata. Anayejiita msaidizi wa kisheria na kutaka "ya soda" mkwepe.

Hatua ya 9: Lipa chuoni, tunza risiti

Ada isipitie kwenye simu ya mtoto. Vyuo vya umma hutoa namba ya malipo, na mzazi popote alipo analipa kwa benki au simu. Hakikisha namba ni ya mwaka husika na jina linalotokea ni la mtoto wako kabla ya kubonyeza kukubali. Piga picha ya risiti, mtumie mwenzako siku hiyo hiyo, bandika nakala kwenye daftari. Ukimpa mtoto fedha taslimu ya matumizi, mwombe akujibu kwa ujumbe: "Nimepokea 40,000 ya chumba cha Machi." Sekunde kumi hizo zimewaokoa wazazi wengi mbele ya hakimu.

Mambo yakikwama

*"Watoto walipewa wewe, wasomeshe wewe."* Kukaa na mtoto ni jambo moja, kulipia matunzo ni jingine. Asiyekaa naye ndiye hasa amri humlenga.

*"Nyumba nilikuachia, hiyo ndiyo ada."* Mgawanyo wa mali ya ndoa ni haki ya wanandoa. Haufuti haki ya mtoto, isipokuwa hukumu yenyewe imesema nyumba au shamba fulani ni kwa ajili ya masomo yake. Soma hukumu yako tena.

*Ameoa tena na ana watoto wadogo.* Mahakama itawahesabu hao pia, na ni sawa iwahesabu. Kiasi kinaweza kupungua, wajibu hauondoki. Ukienda na dai linalojifanya hao watoto hawapo, unajipunguzia mwenyewe uaminifu.

*Anasema hana kazi.* Angalia mali: shamba la miti, bodaboda mbili, nyumba ya kupangisha Soweto au Ipogolo. Andika unachoweza kuthibitisha tu. Kama kweli hana, ombeni kiasi kidogo chenye tarehe ya kupitiwa upya, kuliko kikubwa kisicholipika.

*Hamkufunga ndoa.* Sheria ya Mtoto inamlinda mtoto wenu vile vile. Linalotakiwa ni kuthibitisha uzazi, na cheti chenye jina la baba ndicho kianzio.

*Mzazi amefariki.* Wahi kwenye mirathi kabla haijafungwa, mtaje mtoto kuwa mrithi na ueleze kuwa yuko masomoni. Hapo cheti cha kifo kilichohakikiwa kitamsaidia mtoto pia kwenye maombi ya Bodi ya Mikopo.

*Mtihani ni wiki ijayo na ada haijatimia.* Mtoto aende ofisi ya fedha ya chuo na barua ya mzazi inayotaja kiasi kilicholipwa, kilichobaki na tarehe ya kumalizia. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, lakini huwasikiliza zaidi wanaokuja kabla jina halijatolewa kwenye orodha. Akisubiri mlangoni mwa chumba cha mtihani, amechelewa.

*Mtoto amedisko, yaani ameondolewa chuoni kwa kufeli.* Msingi wa amri kuendelea ni masomo. Masomo yakikatika, nayo inayumba. Mwambie mwenzako mwenyewe, mapema. Mzazi aliyelipa mihula miwili ya mtoto asiyekuwepo chuoni hatalipa tena hata mkitafuta chuo kingine, na mahakama itataka kujua kwa nini alifichwa.

*Mtoto ana miaka 19, amri ilikuwepo, na mzazi anayekaa naye anaogopa kwenda mahakamani.* Mtoto aende mwenyewe. Abebe kitambulisho au namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, nakala ya amri ya zamani, barua ya udahili, hesabu ya mwaka na risiti za kilicholipwa. Apite kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, amsaidie kuandika ombi.